Ni Jina Tu, Mama

Kulikuwa na maneno matatu ambayo ukiyasema mbele ya Teopista Aboth ungejuta. Mwanamke huyu hakuwa mgomvi. Alikaanga kabalagala pale Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, karibu na stesheni ya reli, vile vikate vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, akawauzia makuli, makarani wa forodha na madereva wa malori, na hakuna mteja aliyewahi kulalamika kwamba amemnunia. Lakini ukimwambia "ni jina tu," aliweka mwiko chini, akageuka pembeni, akatema mate, kisha akakuuliza kama umemaliza kununua.

Watu wa Malaba walijua sababu. Kusema kweli waliijua vizuri mno, na waliipenda mno, na uchafu wote ninaotaka kuusimulia ulianzia katika kupenda huko.

Teopista alikuwa Mpadhola, mzaliwa wa vijiji vya Tororo, Mkatoliki tangu akiwa ananyonya. Mwaka wa hamsini na nane mumewe, Obbo, fundi seremala, alipata kazi ya kupiga mapaa ya majumba ya serikali katika mji mmoja wa kusini mwa Sudan. Wakafunga virago, wakamchukua mtoto wao wa pekee, Luka, wakaenda. Nchi ile ilikuwa ya Waislamu na wakubwa wake walikuwa Waislamu, ingawa wenyeji wa mji ule wengi walikuwa Wakristo au watu wa dini za mababu zao. Jambo hilo halikumtisha Teopista hata kidogo. Kwao Malaba nyama yote iliyoingia chunguni ilikuwa imechinjwa na Mwislamu, na hakuna aliyeikataa.

Kidogo kidogo mambo yakabadilika. Jumapili ikafanywa siku ya kazi, na fundi aliyekwenda kusali alirudi akakuta nafasi yake ina mtu mwingine. Paa la kanisa lao likavuja, na Obbo, fundi wa mapaa, akakatazwa kuligusa mpaka kibali kitoke, na kibali hakikutoka, basi wakawa wanasali huku wamejifunika magunia kichwani. Halafu ikafika zamu ya shule.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomchukiza Teopista kuliko kitu chochote katika miaka yote iliyofuata. Aliwakaribisha ofisini, akawapa chai yenye sukari nyingi, akamsifu mtoto kwamba ana macho ya akili. Akasema angependa kumpokea, ila jina la Luka lingemletea taabu. Wamwite Abdalla. Akirudi nyumbani wamwite watakavyo.

"Ni jina tu, mama," alisema, akamwongezea chai.

Teopista alimtazama mumewe, akitegemea kwamba mwanamume atasema neno. Obbo alikuwa anatazama ndani ya kikombe. "Ni jina tu," akasema na yeye. "Mtoto asome."

Wiki ile ya kwanza Luka alikuja nyumbani na alama za kiboko kwenye vidole, kwa sababu jina la Abdalla lilipoitwa alisahau kwamba ni yeye. Teopista akampaka samli vidole vile na akamwambia, "Itika, mwanangu. Itika tu, usichapwe." Mtoto akaanza kuitika. Alikuwa mwepesi wa kujifunza. Baada ya muda hata Teopista alipomwita Luka kutoka jikoni, ilimbidi arudie.

Mwaka wa sitini na mbili, wakati wa kiangazi, homa ya uti wa mgongo iliingia mjini. Luka aliugulia darasani, na walimu wakampeleka hospitali moja kwa moja, wakamwandikisha kwa jina walilomjua. Teopista alipofika huko, amebeba uji na rozari, aliambiwa kwamba hakuna mtoto anayeitwa Luka. Alizunguka wodi kwa wodi akiuliza. Alipopata akili ya kuuliza habari za Abdalla, mtoto alikuwa amekwisha kufa, ameoshwa na kuvikwa sanda, na watu wa shule walikuwa njiani naye kuelekea makaburini.

Aliwakimbilia. Akawaambia huyu ni mtoto wangu, ni Mkristo, nipeni nikamzike na padri wake. Yule mwalimu mpole alikuwepo, na kwa upole uleule akamweleza kwamba Abdalla ni Abdalla, kila mtu anajua, hata yeye mwenyewe aliitika kila siku, na kwamba wanawake hawaingii makaburini. Teopista akasimama nje ya ukuta, akasikia udongo ukimwagwa.

Mtu mmoja tu alikuja kusimama naye, jirani yake aliyeuza chai sokoni, mwanamke Mwislamu wa kufunga na kusali. Yule mama aliwapigia kelele wanaume wale kwa Kiarabu mpaka sauti ikakauka. Aliwaambia kwamba wanachofanya si dini, mtoto ni wa mama yake, na Mungu hana haja ya mtoto wa kuibwa. Walimwambia anyamaze. Kesho yake alimshika Teopista mkono, akaenda kumwonyesha kaburi. Teopista hakuacha kumtaja mwanamke huyo kila alipoisimulia habari hii, ila watu waliomsikiliza walikuwa na tabia ya kusahau sehemu hiyo.

Maana walirudi Malaba mwaka uliofuata, yeye na Obbo, na habari zikawatangulia. Obbo hakuishi sana. Kifua kilimwondoa, na pombe ikakisaidia. Teopista akabaki na karai lake la kukaangia, na sifa ambayo hakuiomba.

Pale kilimani kulikuwa na misheni yenye kanisa na shule, na chama cha akina mama kilichokutana kila Alhamisi. Walimwita aje aeleze mateso yake. Alieleza mara ya kwanza, na wanawake wakalia, na yeye akaona afadhali, mzigo umepata wa kusaidia kuubeba. Wakamwita tena. Mgeni akija kutoka Dabani au Tororo, wanamwita. Askofu akipita, Teopista anasimamishwa mbele, aeleze jinsi Waislamu walivyomnyang'anya mtoto hata jina. Wakampa na lakabu, Mama Sudani. Baadaye aligundua kwamba kuna mahali katika habari ile ambapo wasikilizaji huvuta pumzi wote kwa pamoja, na mahali ambapo huanza kutikisa vichwa, na kwamba wanamngojea afike hapo kama watoto wanavyongojea pipi. Akimtaja yule muuza chai walikuwa wanajikuna.

"Hawa watu kweli hapana na haya," mama mmoja alisema kila mara, na alikuwa na maana ya Waislamu wote, kuanzia kule Sudan mpaka pale chini barabarani alipokaa Twahiri Osire.

Twahiri Osire ndiye aliyekuwa mchinjaji wa Malaba. Alikuwa amehamia kutoka Busia, upande wa Kenya, na mkewe alikuwa amefariki akimwachia binti mmoja, Hajira. Upande wetu huu wa Uganda mtu akisali msikitini tunamwita Mswahili, hata kama babu yake na babu yangu walichunga ng'ombe pamoja. Kwa hiyo Osire, ambaye nyumbani kwao waliongea Kisamia, alikuwa Mswahili, na bintiye alikuwa mtoto wa Mswahili. Hilo halikuwazuia watu kula kwake. Buchani mwake walipanga foleni Wateso, Wapadhola na Wasamia. Kukiwa na arusi, matanga au sikukuu ya misheni, aliitwa Osire na kisu chake, kwa sababu katika wageni kumi hakosi Mwislamu, na ilikuwa adabu ya pale kwamba nyama ya karamu iwe ya kuliwa na wote. Kisu cha Osire kilikaribishwa kila mlango. Mwenyewe akishamaliza kuchinja, alipewa kichwa cha ng'ombe na kuagwa.

Hajira alipofikia umri wa kusoma, na kuupita, Osire alimpeleka kilimani. Shule ya Waislamu iliyokuwa karibu kuliko zote ilikuwa Mbale, na Osire hakuwa na ndugu huko wa kumwachia mtoto wa kike. Ilikuwa imesemwa mabarazani kwamba baada ya Uhuru shule zinazopokea fedha za serikali ni za watoto wote, wa dini yoyote. Osire alimkumbusha jambo hilo mwalimu mkuu, ambaye aliitwa Chrispinus, kijana mnene wa shingo, mvaaji tai.

"Serikali iko Entebe," Mwalimu Chrispinus alimjibu. "Shule iko hapa. Mtoto abatizwe kwanza, apate jina. Elizabeti litamfaa."

Osire akarudi na mtoto wake. Mwaka ukapita. Hajira alikaa buchani akifukuza nzi kwa jani la mgomba na kusoma maandishi ya magunia na ya mabehewa ya reli, maana alikuwa amejifundisha herufi mwenyewe kwa kuuliza makuli. Alikuwa anapita kwa Teopista kumsomea gazeti lililofungiwa kabalagala. Alisoma vibaya, lakini kwa uchu. Mwaka wa pili Osire alimpeleka tena, akajibiwa vilevile. Mwaka wa tatu, ambao ulikuwa wa sitini na tano, alikuja kwenye karai la Teopista asubuhi moja, akakaa juu ya kigogo, akakataa kabalagala aliyopewa.

"Mama Luka," alisema. Yeye peke yake pale Malaba ndiye aliyemwita hivyo. "Nimekubali. Mtoto atabatizwa kabla ya Pasaka. Wanataka mama wa ubatizo, nimekuja kukuomba wewe."

Teopista hakugeuka. "Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wengine watamchukua kweli. Wewe unajua. Utamsimamia pale, halafu utanirudishia." Osire alikuwa anatazama mikono yake. "Mtoto asome, dada yangu. Ni jina tu."

Teopista aliweka mwiko chini. Lakini safari hii mate hayakutoka. Alimtazama yule mwanamume, mchinjaji mwenye mikono mikubwa, aliyeinama macho, na akamwona Obbo akitazama ndani ya kikombe cha chai. Osire alikuwa hana kosa. Angeweza kumtemea nani mate?

"Wewe Osire, hiyo maneno usiseme tena kwangu," alisema mwishowe. "Mtoto nitasimamia. Lakini kwanza nakwenda kuona huyu mwalimu."

Hakwenda mbali. Mwalimu Chrispinus alikuwa buchani kwa Osire siku hiyohiyo baada ya shule, amekaa nyuma kwenye benchi, anakula maini ya kuchoma kwa chumvi na pilipili. Alikuwa amelaza tai yake begani isichafuke. Teopista alisimama mbele yake akaeleza kwa adabu zote kwamba mtoto ni wa Mwislamu, mama yake amelala kaburini Mwislamu, na anachotaka ni kusoma. Kwa nini asiingie vile alivyo, wakati wa sala akae nje?

Chrispinus alitafuna mpaka akamaliza. Mafuta yalimtiririka kidevuni, akayafuta kwa kiganja, na kiganja akakifuta kwenye benchi la mwenye duka.

"Mama Sudani," alisema akicheka, "wewe wa kwanza kujua watu hawa. Walikunyang'anya mtoto. Leo Mungu anakurudishia mmoja kutoka kwao, unalia nini? Hatumdhuru. Ni jina tu, mama."

Alisema kwa upole. Aliinua hata sahani, akamkaribisha ini.

Teopista alisema baadaye kwamba angekuwa amekula siku ile, angetapika pale pale miguuni pake. Ni upole ule aliouona, sauti ileile ya ofisi yenye chai, sasa ina harufu ya ini na inamwita mama. Yeye mwenyewe ndiye aliyeifundisha misheni nzima ubaya wa jambo hili. Amesimama mbele yao mara ngapi? Walilia machozi gani? Kumbe walichokuwa wanasikitikia si mtoto kunyang'anywa jina. Walisikitika kwamba aliyenyang'anya hakuwa wao.

Alikwenda nyumbani, akafua kitambaa chake cheupe cha kanisani.

Siku ya ubatizo ilikuwa Jumamosi, na alfajiri Osire alikuwa amekwisha kuchinja fahali wa karamu nyuma ya jiko la misheni. Kanisa lilijaa. Padri, mzee kutoka Ulaya, aliendesha ibada kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo Wateso, Wapadhola na Wasamia wote waliielewa kwa namna fulani, ingawa Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni na hakuna aliyekiongea hivyo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mmoja wa wale watu wema wasiouliza maswali, kwa kuogopa kwamba watajibiwa.

Watoto walipangwa mstari mlangoni, kila mmoja na msimamizi wake nyuma, mkono begani. Wakubwa kwa wadogo, msimamizi ndiye aliyejibu, ndivyo Chrispinus alivyowafundisha ili mambo yaende haraka. Padri angeuliza mtoto anaitwa nani, msimamizi ataje jina. Angeuliza, "Unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?" na msimamizi ajibu, "Imani." Walikuwa wamefanya mazoezi. Mstari ulisogea, imani, imani, imani, na Padri akapita akitia kila mtoto chumvi kidogo kwenye ulimi. Nje ya dirisha, chini ya mchongoma, Osire alikuwa amesimama na mikono nyuma. Alikuwa amenawa, lakini kanzu ilikuwa na damu ya fahali kwenye pindo.

Padri akafika kwa Hajira. "Mtoto huyu anaitwa nani?"

Teopista alihisi bega la mtoto likikakamaa chini ya mkono wake. "Hajira," akasema.

Chrispinus, aliyekuwa nyuma ya Padri na bakuli la chumvi, akakohoa. "Elizabeti, Baba."

"Hajira," Teopista akarudia, sasa kwa sauti ya kuuzia kabalagala treni ikiwa inaondoka. "Baba yake alimpa. Hata Biblia iko nayo, ile mama walifukuza kwa Abrahamu na maji kidogo na mtoto yake."

Minong'ono ikapita kanisani. Padri alikunja uso, akaona hana neno la kupinga, kwani ni kweli yumo. Akaamua kuendelea. "Hajira, unaomba nini kwa Kanisa la Mungu?"

Teopista alimtazama Padri usoni.

"Shule," akajibu.

Padri alidhani hakusikia. Akainamisha sikio. "Unaomba nini?"

"Shule, Baba. Hii mtoto naomba shule. Imani iko nayo ya baba yake. Mwalimu alisema bila maji ya ubatizo hapana soma. Mimi siwezi danganya Mungu ndani ya nyumba yake, nilishaona hiyo uongo inapeleka mtoto wapi."

Wale akina mama wa Alhamisi, waliojua mahali pa kuvuta pumzi na mahali pa kutikisa vichwa, hawakujua sasa wafanye nini. Padri alimtazama mtoto, akamuuliza polepole kama ni kweli. Hajira akasema, "Ndiyo, Baba. Nataka kusoma." Masikio ya mzee yule yakawa mekundu. Aligeuka kidogo upande wa Chrispinus, na Chrispinus alikuwa anachunguza chumvi kwenye bakuli kana kwamba kuna mdudu ndani yake.

"Siwezi kumbatiza mtu anayeomba shule," Padri alisema. Akapita kwa mtoto aliyefuata.

Nje, Osire alimkamata Teopista mkono. Alikuwa amesikia yote. "Umeniua, Mama Luka. Miaka mitatu! Mlango ulikuwa umefunguka, ukaufunga kwa mdomo wako." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mtu akipata karaha kubwa anafikiri karaha yenyewe inatosha kuwa njia. Teopista alikuwa ametema tu kilichomkaba, na mtoto wa mwenzake ndiye aliyebaki bila darasa.

Akina mama nao wakamjia, mmoja baada ya mwingine, na sahani mikononi. Ametia aibu parokia. Ametetea watu waliomzika mwanawe kama mbwa. Hana shukrani. Waliyasema hayo huku wakila, na nyama waliyoila ilikuwa ya Osire, waliichuna mifupani kwa meno, wakalamba vidole, wakaomba nyongeza, na kati ya tonge na tonge wakamtukana aliyeichinja, akiwa amesimama hatua chache kutoka kwao anasafisha kisu kwa majivu. Teopista alitazama midomo ile. Midomo hiyohiyo ndiyo iliyolia kwa ajili ya Luka. Alikataa sahani aliyoletewa, akashuka kilimani na njaa yake.

Shule ilipofunguliwa baada ya Pasaka, Padri alimwita Osire, akamwambia mtoto aje. Wengine walisema mzee aliguswa. Teopista aliamini kwamba aliogopa habari isifike kwa ofisa wa elimu Tororo, na mimi naona alikuwa na haki kuamini hivyo. Hata hivyo mlango ulifunguka. Osire alipita kwenye karai asubuhi, akamnunulia Hajira kabalagala mbili, na hakuomba radhi wala hakuombwa.

Ila Mwalimu Chrispinus hakuwa mtu wa kumeza. Asubuhi ya kwanza aliwapanga watoto barazani, akaanza kuita majina. Alipofika kwa Hajira, akaita, "Elizabeti Osire."

Hajira akanyamaza.

"Elizabeti Osire!"

Watoto wakageuka kumtazama. Alikuwa amesimama mbele kabisa, miguu imebanana, anamtazama mwalimu usoni. Chrispinus akasema Elizabeti hayupo, akamwandika hakufika, na akamchapa vidole kwa sababu ya ujeuri. Kesho yake ikawa vilevile. Jioni Hajira alikuja kwa Teopista na vidole vimevimba, na Teopista alivishika muda mrefu. Alikuwa na samli ndani. Aliileta, akampaka kimoja kimoja. Alijua neno analotakiwa mzazi mwenye huruma kulisema, alikwisha kulisema kwa Luka.

"Usiitike," akamwambia. "Waache wapige. Hiyo siyo jina yako. Siku wewe naitika, watakuzika nayo."

Wiki zikapita hivyo. Mtoto anakaa darasani, anajibu hesabu, anasoma kitabu kwa sauti kuliko wote, na kila siku anaandikwa kwamba hakufika. Watoto wengine walianza kucheka mwalimu akiita lile jina, kwanza kwa kujificha, baadaye waziwazi, na nadhani ni kicheko hicho kilichomshinda Chrispinus, wala si dhamiri, ambayo sijawahi kusikia kwamba alikuwa nayo.

Teopista alikuwa amegeuza njia yake ya kwenda stesheni. Badala ya kupita chini kwenye reli, alipandia kilimani na beseni kichwani, akasimama kwenye ua wa minyaa uliokuwa nyuma ya baraza, wakati wa kuitwa majina. Chama cha Alhamisi hakikumwita tena, na wageni wa askofu waliambiwa kwamba Mama Sudani hajisikii vizuri siku hizi.

Asubuhi moja ya mvua ndogo, Chrispinus alifika kwenye lile jina akasita. Akajikuna shingo. Halafu akalisema haraka, kwa kinyongo, macho yake yakiwa kwenye mabati ya paa.

"Hajira Osire."

"Niko, mwalimu."

Sauti ilikuwa kali, ikasikika mpaka barabarani. Nyuma ya minyaa, Teopista alikuwa ameshusha beseni. Alitaka kufurahi, na furaha haikuja. Kilichokuja ni ile karaha ya zamani, kwamba imebidi mtoto apigwe majuma yote hayo ili aitwe kama baba yake alivyomwita. Akatema mate majanini. Kisha, kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyeisikia isipokuwa yeye, akaita.

"Luka."

Akangoja kidogo. Barazani Chrispinus alikuwa ameendelea na majina mengine, na watoto walikuwa wanaitika mmoja mmoja. Teopista akafunika kabalagala kwa kitambaa zisilowe, akaweka beseni kichwani, akashuka stesheni.